Kivuli, majani makavu na utitiri: kwa nini shamba lenye utitiri wa aina nyingi mara nyingi halisumbuliwi sana

Kuna ubishi mmoja unajirudia sana kwa watu wanaolima mazao ya miti, iwe kahawa, kakao, korosho au embe, huku kwetu Dodoma watu wanabishania miembe na mipapai, ukivuka upande wa Manyoni wanabishania mikorosho, na ubishi wenyewe ni huu: ukiacha miti mingine ya kivuli shambani, ukaacha na majani makavu yalale chini, unafuga wadudu au unawapunguza? Kuna wanaosema safisha, fyeka, fagia, choma, shamba liwe jeupe kabisa. Kuna wanaosema acha. Na kila upande una mtu aliyeona kwa macho yake, kwa hiyo hakuna anayekubali kushindwa.

Mi naona utitiri ndo mahali pazuri pa kuufungulia huu ubishi, kwasababu kwa utitiri pande zote mbili zina ukweli nusu nusu. Kwenye shamba lenye kivuli utitiri kweli ni wengi, wengi kwa idadi na wengi kwa aina, na hapohapo madhara yao kwenye zao mara nyingi yanakuwa madogo kuliko kwenye shamba la jua kali. Ukisikia mara ya kwanza unaona haiingii akilini. Ila inaingia, tukiipitia taratibu.

Tuanze na wenyewe. Utitiri wako upande wa buibui, kupe na nge, sio upande wa siafu na mbu, akishakua ana miguu minane, akitoka kwenye yai ana sita, na wengi hawafiki hata milimita moja. Kuna kundi la wale wanaosababisha vivimbe kwenye majani, hao wana miguu minne tu maisha yao yote na urefu wao unacheza kwenye milimita 0.2, hata ukiwa na lenzi ya kawaida unahangaika kuwaona. Aina zilizokwisha kupewa majina na wanasayansi zimepita 50,000 na wanaowasoma wanaamini ambazo bado hazina jina ni nyingi mara kadhaa, wengine wanakadiria mpaka milioni nzima. Na ni wa kale mno, kule Rhynie, Scotland, wamepatikana kwenye mwamba wenye umri wa kama miaka milioni 410, yani walikuwepo kabla dunia haijawa na mti wowote unaotoa maua.

Shida yetu ni kwamba tunawajua kwa ubaya tu. Mtu akisikia utitiri anafikiria kuku wake wanaojikuna usiku, au mihogo iliyodumaa juu, au nyanya zilizofungwa na utando mwezi wa tisa. Hao wapo na wanauma kweli, sitaki kumdanganya mtu. Lakini ukichukua konzi moja ya majani yaliyooza chini ya mti wa kivuli na majani kumi mabichi kutoka juu ukaangalia kwenye hadubini, wengi wa utakaowakuta hawana habari na zao lako kabisa. Kuna anayekula fangasi, kuna anayekula jani lililokufa, kuna anayekula chavua, na kuna anayewala wenzake. Anayekula jani bichi ni mmoja kati ya wengi.

Hapo chini kwenye majani makavu, wenye nchi ni kundi linaloitwa oribatidi. Wengi ni wa kahawia au weusi, wana gamba gumu na wanatembea polepole. Kazi yao ni kutafuna jani lililokufa na fangasi waliolishika, kinachotoka upande wa pili ni chembe ndogo ndogo ambazo bakteria na fangasi wengine wanamalizia, na mwisho wake ndo mboji. Kwenye misitu ya nchi za baridi watafiti wamehesabu mpaka zaidi ya 100,000 kwenye mita moja ya mraba. Kwetu ukanda wa joto kwa kawaida wanakuwa pungufu ya hapo, ila makumi ya maelfu kwenye mita moja ni kawaida kama majani yamelala vya kutosha. Fikiria hiyo chini ya mkakao mmoja, ambao wenyewe unadondosha majani mwaka mzima, na juu yake kuna mti mwingine nao unadondosha.

Sasa kitu ambacho watu wengi hawakijui, na mi ndo naona kina uzito kuliko vyote hapa, ni mwendo wa maisha yao. Oribatidi ni watu wa polepole. Wengine wanachukua mwaka au zaidi kutoka yai mpaka mtu mzima, wanataga mayai machache, na kuna aina nyingi ambazo dume hayupo kabisa, majike yanataga yenyewe bila kupandwa. Utitiri wekundu wa kwenye majani ndo kinyume chake, kwenye joto la nyuzi 30 hivi anatoka yai mpaka mtu mzima ndani ya siku kama nane mpaka kumi, na jike moja linaweza kutaga mayai zaidi ya 100 kwenye maisha yake mafupi. Kwa hiyo ukichoma majani, au ukapiga dawa inayoua kila kitu, umewaua wote kwa siku moja lakini hawarudi kwa siku moja. Mharibifu anarudi ndani ya wiki chache, mtengeneza mboji anarudi baada ya misimu. Ukirudia kila mwaka unabaki na wale tu wanaojua kukimbia, na wanaojua kukimbia ndo haohao wanaokusumbua.

Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima mwenye miembe, aliwahi kuniuliza: "Mwanangu, sasa hivi vidudu vya huku chini vikipanda juu si vitanimalizia maua?" Swali zuri sana. Nikamjibu, hapana mama, hao wa chini midomo yao imeumbwa kutafuna kilichokufa na fangasi, hata wakipanda kwenye gome, na wapo wanaopanda kweli na kuishi huko kwenye gome na kwenye kuvumwani, ile mimea midogo ya kijivu inayoshika magome, wanafuata fangasi na mabaki, sio ua. Anayenyonya jani bichi ana sindano mdomoni, anatoboa seli moja moja na kunyonya ile kijani, ndo maana jani linaanza na vidoa vyeupe afu linageuka rangi ya shaba. Ni jamii tofauti kabisa, wanaachana mbali sana kwenye ukoo.

Tupande juu basi. Kwenye jani la mbuni au mkakao wa kivulini unaweza kuwagawa kwa chakula. Wapo wanyonya jani, hawa utitiri wekundu, utitiri bapa, na wale wa vivimbe. Wapo wawindaji, na mashuhuri kuliko wote ni kundi la fitoseidi, aina zaidi ya 2,000 zimeshapewa majina duniani, wana umbo la tone la maji, wanang'aa, wanakimbia. Afu wapo wa katikati ambao hawana jina mitaani kwasababu hawamsumbui mtu, wanakula fangasi, chavua, vumbi la mabaki, wengine wanaonja kila kitu.

Hawa wa katikati watu wanawaruka, hata baadhi ya maelezo ya kilimo yanawaruka, na mi naona ndo wanaobeba shughuli nzima. Muwindaji anahitaji kula hata mwezi ambao wanyonya jani hawapo. Ni kama mlinzi, usipomlipa miezi ambayo wezi hawaji, siku wakija hayupo. Kwenye shamba lenye mti wa aina moja tu na jua kali, utitiri wekundu wakiisha muwindaji anakufa njaa au anahama, afu wekundu wakirudi wanakuta shamba halina mwenyewe. Kwenye shamba la kivuli chenye mchanganyiko, wekundu wakiisha muwindaji anakula wa katikati, anakula chavua iliyodondoka kutoka mti wa juu, anakula hata fangasi kidogo kwa baadhi ya aina, anabaki palepale. Idadi ya utitiri kwenye jani inakuwa kubwa, na ndo maana anayehesabu tu bila kuangalia ni nani anasema kivuli kinafuga wadudu.

Na mimea yenyewe inaonekana inalijua hili. Chukua jani la kahawa ya arabika, ligeuze, angalia pale mishipa midogo inapokutana na mshipa mkubwa wa katikati. Kuna vishimo vidogo, vinaitwa domatia. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 kwenye arabika ya kaskazini mwa Queensland, Australia, ulikuta utitiri wanaishi na kutaga humo, na sehemu kubwa ni wawindaji na walaji wa fangasi, sio waharibifu. Mti umejenga makao, wakaaji wanalipa kwa kusafisha jani. Kule Brazil kuna fitoseidi mmoja, Ricoseius loxocheles, anakula fangasi wenyewe wanaoleta ugonjwa wa kutu ya majani ya kahawa. Simaanishi kwamba atamaliza kutu, la hasha, ila inaonyesha jinsi chakula kinavyosokotana humo ndani na jinsi dawa moja inavyoweza kugusa nyuzi nyingi kwa mkupuo.

Kivuli chenyewe kinafanya nini? Kuna mambo kadhaa yanaenda pamoja na watu wanayachanganya. La kwanza joto, mchana wa jua kali chini ya kivuli kunapungua nyuzi kadhaa, na kwa mnyonya jani anayezaliana kwa kasi ya joto hizo nyuzi chache zinaongeza siku kwenye kila kizazi, na siku zikiongezeka muwindaji anapata nafasi ya kumfikia. La pili unyevu wa hewa, hili mi nalipa uzito zaidi, mayai ya wawindaji wengi yananyauka hewa ikikauka sana wakati mayai ya utitiri wekundu yanavumilia ukavu vizuri, kwa hiyo kiangazi kikikolea mizani inaegemea upande wa mharibifu bila yeyote kufanya kosa. La tatu vumbi. Mkulima yeyote mwenye mti kando ya barabara ya vumbi anajua ule mti unashambuliwa kwanza, vumbi linawasumbua wawindaji na linampa mnyonya jani mahali pa kujificha, na mti mrefu wa pembeni unalipunguza. Halafu kuna chakula, yani chavua, maji matamu yanayotoka kwenye baadhi ya miti hata nje ya maua, na majani yanayodondoka. Mti wa kivuli usiodondosha kitu na usiotoa chavua ya maana unakupa ubaridi tu, hivyo vingine huvipati.

Ndo maana neno kivuli peke yake halitoshi. Kihamba cha Kilimanjaro, ule mfumo wa Wachaga ambao FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mwaka 2011 kama urithi wa kilimo wenye umuhimu wa dunia, una kahawa chini, migomba juu yake, na juu kabisa miti ya jamii ya albizia, mringaringa, na mingine kibao, kila mmoja una majani yake, gome lake, msimu wake wa maua. Kibanja cha Kagera nacho kina robusta na migomba na miti. Kule Bahia, Brazil, wana kitu wanaita cabruca, wanapunguza msitu wa asili kidogo wanapanda kakao chini yake. Ukilinganisha hayo na shamba ambalo mtu amepanda mistari ya mgrevilea tu juu ya kahawa, yote kwenye takwimu yataandikwa "lina kivuli", lakini kwa utitiri ni nchi mbili tofauti. Aina za majani yanayooza chini zinaamua aina za oribatidi, na mchanganyiko wa magome na chavua juu unaamua nani anakaa juu.

Kuna mkanganyiko mwingine kwenye namba. Mtafiti akisema shamba lina aina nyingi anaweza kuwa anamaanisha aina nyingi ndani ya shamba moja, au anaweza kuwa amechukua mashamba ishirini na kukuta kila moja lina aina zake ambazo jirani hana. Shamba la kivuli linaweza kukaribia msitu kwa hesabu ya kwanza, ukakuta idadi ya aina inalingana kabisa, afu ukiangalia majina unakuta nusu ya wale wa msituni hawapo, nafasi zao zimechukuliwa na aina za kawaida zinazopatikana kila mahali duniani kwenye ukanda wa joto. Kwa hiyo mtu anayesema kakao ya kivuli inatunza viumbe sawasawa na msitu anaenda mbali mno. Inatunza vizuri kuliko shamba jeupe, hilo halina ubishi, ila msitu ukishakatwa kuna utitiri ambao hawatarudi hata ukipanda kivuli cha namna gani, na wengine tutakuwa tumewapoteza kabla hata ya kuwapa jina. Hilo linaniuma kusema kweli.

Na kivuli kina upande wake mbaya, lazima usemwe. Kikizidi hewa haipiti, majani hayakauki, magonjwa ya fangasi yanashika, mavuno yanashuka. Kuna utitiri wa njano anayeitwa Polyphagotarsonemus latus, huyu anapenda joto lenye unyevu na majani machanga, kivuli kizito anakishangilia. Kwa hiyo aina nyingi za utitiri sio kinga ya kila kitu, wakati mwingine muwindaji mmoja tu wa aina sahihi anafanya kazi kuliko aina kumi zisizohusika.

Mfano mzuri wa hilo ni mihogo, na wa kanda ya kati tunauelewa kwasababu mihogo ndo inatuokoa mahindi yakikataa. Utitiri wa kijani wa mihogo, Mononychellus tanajoa, asili yake Amerika ya Kusini, Afrika ulionekana kwanza Uganda mwaka 1971 na ukasambaa bara zima, kiangazi kikiwa kikali unaukuta umekaa kwenye majani machanga ya juu na mti unadumaa. Watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha ukanda wa joto, na wenzao wakaenda kuutafuta adui yake nyumbani kwake. Wawindaji wa mwanzo waliletwa kutoka Colombia, waliachiwa kwa mamilioni miaka ya 1980, wakakataa kushika. Wakaja kutafuta kaskazini mashariki mwa Brazil, kule kukame kunakofanana zaidi na kwetu, wakapata fitoseidi anayeitwa Typhlodromalus aripo, akaachiwa Benin mwaka 1993, huyo akashika na kusambaa nchi nyingi mpaka Afrika Mashariki. Siri yake ni nini? Mchana anajificha kwenye ncha ya mti wa muhogo, usiku anashuka kwenye majani kuwinda, na wekundu au kijani wakiisha anaweza kuishi kwa chavua ya mahindi yaliyo jirani. Kwenye aina za mihogo ambazo ncha yake ina manyoya anastawi, kwenye ncha laini anapungua. Malazi na chakula cha akiba, yaleyale tuliyoyaona kwenye kahawa. Wale wa Colombia hawakushika, na sio kwasababu hawakujua kuwinda.

Tukija kwenye dawa, hapa ndo mahali watu wanapoumia bila kujua. Mtu anaona wadudu, anachukua dawa ya jamii ya pairethroidi kwasababu inaua haraka na bei yake inavumilika, anapiga. Wiki ya kwanza shamba safi. Wiki ya tatu majani yamegeuka shaba. Anaenda kuongeza kipimo. Kilichotokea ni kwamba pairethroidi nyingi zinaua wawindaji vizuri kuliko zinavyoua utitiri wekundu, na wekundu waliobaki wanasambaa kwenye majani ambayo hayana mlinzi tena. Na usugu ni janga kubwa, utitiri wa madoa mawili, Tetranychus urticae, umeripotiwa duniani kuwa sugu kwa viambata vya dawa zaidi ya 90, hakuna mnyonya mimea mwingine anayeufikia kirahisi. Ukiwa na shida ya utitiri hasa, uliza dawa ya utitiri, sio dawa ya wadudu kwa ujumla, na uliza kama imesajiliwa kwa zao lako, Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, ndo wanaosajili. Salfa kwa mfano inagusa utitiri ila kwenye jua la Dodoma mchana inaweza kuunguza majani, na hata yenyewe inawapunguza wawindaji.

Sasa kwetu. Dodoma mvua ni kama milimita 550 mpaka 600 kwa mwaka, zinaanza Disemba zinaisha Aprili, baada ya hapo ni upepo na vumbi mpaka mwisho wa mwaka. Huwezi kuichukua kihamba ukaiweka Hombolo au Bahi, maji hayapo. Lakini mantiki ya utitiri inahamishika, na kuna vitu tayari tunavyo ambavyo hatuviangalii hivyo.

Mgunga ule wa Faidherbia albida ni mmojawapo. Huu mti una tabia ya ajabu, unadondosha majani wakati wa mvua na unakuwa na majani kiangazi. Wakulima wanausifia kwa mbolea na kwa mifugo kula matunda yake, sawa, ila kwa jinsi tulivyoona ukavu unavyoua mayai ya wawindaji, mti unaotoa kivuli Agosti na Septemba wakati kila kitu kingine kimekauka ni mali kubwa. Na huhitaji hata kuupanda mahali ambapo visiki bado viko hai, hii kampeni ya kisiki hai ambayo imepita vijiji vingi vya mkoa wetu inafundisha kuchagua machipukizi na kuyatunza, kwa hiyo unapata mchanganyiko wa miti ya asili yenye utitiri wake wa asili, wameshazoea ukame wa hapa kabla yetu.

Mwingine ni mnyonyo, huu unaoota wenyewe kando ya nyumba na kwenye makorongo. Chavua ya mnyonyo wanaofuga fitoseidi wanaipenda sana, kuna muwindaji wa asili ya Afrika, Iphiseius degenerans, ambaye kwenye nyumba za kilimo za Ulaya wanapanda minyonyo kusudi ili yeye aishi juu yake na kusambaa kwenye mazao. Sisi tunaing'oa. Tahadhari moja tu, mbegu zake ni sumu, watoto na mifugo wasizile, kwa hiyo mahali pake ni pembeni ya shamba, sio uwanjani.

La majani makavu ndo gumu zaidi kulisema kwasababu linagusa heshima ya nyumba. Huku uwanja uliofagiwa mpaka udongo unang'aa ndo uwanja wa watu wenye adabu, na kuna sababu ya msingi, nyoka, nge, mbu, mtoto anacheza pale. Uwanja fagia. Nachoomba ni hatima ya yale majani yaliyofagiwa. Badala ya kuyachoma jioni, yarudishe chini ya mwembe au mpapai ulio mbali na mlango, yasambaze kuanzia hatua moja kutoka kwenye shina mpaka pale matawi yanapoishia, usiyalundike kwenye shina lenyewe maana mchwa wataingia na gome litaoza. Wakati wa kiangazi oribatidi watashuka kwenye udongo au watajikunja ndani ya majani yaliyoshikana, mvua za Disemba zikianza wanapanda na kazi inaanza. Mwaka wa kwanza hutaona kitu cha kusimulia. Udongo chini ya yale majani utauona tofauti kuanzia msimu wa pili kuendelea, unafukulika kwa mkono bila jembe.

Na usiniamini mimi tu, angalia mwenyewe, haihitaji maabara ya chuo. Kwa majani ya juu, chukua karatasi nyeupe, iweke chini ya tawi, gonga tawi mara kadhaa, subiri. Vitu vidogo kama nukta vitaanza kutembea. Vinavyokimbia, vinavyong'aa, vyenye umbo la tone, hao kuna uwezekano mkubwa ni wawindaji. Vinavyojikokota, vyenye rangi nyekundu au kijani na madoa, angalia jani kama lina utando na vidoa vyeupe. Fanya asubuhi, na fanya kwenye matawi ya pande tofauti, mti mmoja una hali ya hewa zaidi ya moja, upande wa jua la mchana na upande wa ndani haufanani kabisa.

Kwa wa chini kuna kifaa alichokibuni Mtaliano Antonio Berlese mwaka 1905, na Msweden Albert Tullgren akakiboresha mwaka 1918 kwa kuweka taa juu. Unakitengeneza kwa chupa ya plastiki ya lita moja na nusu: kata sehemu ya juu, igeuze mdomo chini kama faneli, weka kipande cha wavu wenye matundu ya milimita mbili hivi, juu yake weka konzi mbili za majani yaliyooza, chini weka kikopo chenye spiriti kidogo. Juu weka taa ya zamani inayopata moto, hizi za kisasa hazitoi joto la kutosha, au kama umeme ni shida weka kwenye kivuli chepesi karibu na jua, majani yakaukie kutoka juu kushuka chini. Utitiri wanakimbia ukavu, wanashuka, wanadondoka kwenye spiriti. Acha siku tatu mpaka tano, usiharakishe na joto kali la ghafla, wale wa polepole watakufia njiani na utahesabu wakimbiaji tu, hapo utapata picha ya uongo ya shamba lako.

Chukua sampuli chini ya mti wenye majani na chini ya mti uliofagiwa, msimu mmoja, saa zilezile, kiasi kilekile. Ukitaka kujua majina, vyuo kama SUA pale Morogoro vina watu wa wadudu na viumbe vya mimea wanaoweza kukuelekeza, ila kupata jina la aina kamili kunachukua muda kwasababu lazima mtu ahesabu vinyweleo vya mgongoni kwenye hadubini, na kwa oribatidi wa kanda ya kati unaweza kabisa kuwa umeshika kitu ambacho bado hakina jina. Kwa hiyo kwenye kikopo tumbukiza kikaratasi chenye tarehe, kijiji, aina ya mti, na kama ulichukua juu kwenye jani au chini kwenye udongo, na uandike kwa penseli maana wino wa kalamu unayeyuka kwenye spiriti na ukishayeyuka ile sampuli haina kazi tena kwa mtu yeyote.